Picha ya 4D ya mtoto tumboni hapa Mtwara: nililipa elfu sitini nikaona mkono

Naanza na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtauliza. Utrasaundi ya kawaida, ile ya picha nyeusi na nyeupe, elfu ishirini. Ile ya 4D wanayoiita ya kuona sura ya mtoto ni elfu sitini, hapo unapata picha nne zimeprintiwa kwenye karatasi inayong'aa na video ya kama dakika moja wanakurushia WhatsApp. Kliniki ni ya binafsi, iko hapahapa Mtwara mjini, jina silitaji maana sina ugomvi nao wa kupelekana popote, nina maneno tu, na kabla sijawasema wao nitajisema kwanza mwenyewe.

Mi ni fundi simu, nina kibanda karibu na soko kuu. Kwahiyo nikizungumzia picha najua ninachozungumza, kamera na vioo ndo vinanilisha. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, minada ya korosho imechangamka, watu wa Tandahimba na Newala wanashuka mjini na hela, wananunua simu Jumatatu, Alhamisi kioo kimepasuka wanakuja kwangu. Nilikuwa vizuri. Mke wangu, mama Nasri, mimba ya pili, wiki ya 30. Napita na pikipiki naona bango, mtoto wa kizungu anacheka, limeandikwa "Mwone mwanao kabla hajazaliwa". Nikasema hii lazima.

Sasa kujisema kwenyewe ni huku. Nesi wa zahanati alishamwambia mke wangu tangu mwezi wa tisa, mimba ikiwa wiki ya 20 hivi, akapige utrasaundi moja kabla wiki ya 24 haijafika. Ndo utaratibu ambao hata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016, mama apate angalau moja kabla ya hapo. Mimi nikasema tusubiri kidogo hela ya korosho ianze kuzunguka. Mwezi wa tisa elfu ishirini sina, mwezi wa kumi na moja elfu sitini ninayo. Sina utetezi, nimeandika hivohivo kama ilivyokuwa.

Tuje kwenye huduma. Pa kukaa pazuri, AC inafanya kazi (nyie mnajua joto la Mtwara mwezi wa kumi na moja), maji ya kunywa yapo, dada wa mapokezi ana adabu, shikamoo mama karibu mama. Tumeingia saa nne, saa tano kasoro tumeshatoka. Kijana wa mashine kampaka mama Nasri ile jeli, ya baridi mpaka akaruka, akaweka kile kidude tumboni, kitu cha kwanza akatusikilizisha moyo. Aisee. Mlio kama mtu anakimbia na kandambili kwenye lami iliyolowa. Hapo nilikuwa tayari nimesharudisha hela yangu yote moyoni.

Kisha akabadili ikaja hiyo 4D. Uso rangi ya asali, paji la uso lipo, pua ipo kwa ubavu, shavu la kulia limejaa, na mkono wa kushoto umekaa mdomoni. Kijana akamgusagusa mama tumbo, akamgeuza ubavu, akamwambia anywe maji ya baridi atembee kidogo kwenye korido arudi. Akarudi, mkono bado uko palepale. Kijana akacheka, "Huyu ana aibu huyu, atakuwa mpole." Tukacheka wote. Akaprinti. Ripoti yenyewe karatasi moja, mtoto mmoja, kichwa kiko chini, maji ya kutosha, kondo liko juu, mapigo 140 na kitu, wa kiume. Kuhusu uso hakuna neno hata moja na mimi sikujua kama panatakiwa kuwa na neno. Nikaweka picha status, mashallah zikamiminika mpaka usiku.

Mtoto kazaliwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza, hospitali ya serikali, saa nane usiku, njia ya kawaida. Nesi akatoka nje tulipokuwa tumekaa, akaniita pembeni. "Baba Nasri, mtoto mzima, kilo tatu na pointi moja, analia vizuri. Mdomo wa juu upande wa kushoto haujafunga. Njoo umuone mwenyewe, usisubiri kuhadithiwa." Ile sentensi ya mwisho mpaka leo namshukuru nayo. Nikaingia. Palikuwa na mwanya kutoka kwenye mdomo mpaka karibu na tundu la pua, na pua upande huo imelala bapa. Macho yake mawili yananiangalia, au mi nilijiona naangaliwa, maana nilijua fika kwamba mtoto wa saa moja haoni mbali.

Unajua nilifanya nini? Nikatoa simu nikafungua ile picha. Mkono wa kushoto, mdomo upande wa kushoto. Elfu sitini.

Asubuhi akaja mama mkwe kutoka Newala na basi la kwanza. Huyu ni mama anayesuka mikeka, popote alipo kuna kifurushi cha ukili, anaongea na wewe vidole vinakwenda. Alipomuona mjukuu kashika kichwa. Maswali yakaanza kwa mwanae, mwezi ulipopatwa ulikuwa umeshika kisu? Ulimcheka mtu? Ulikula nini? Jirani yetu mmoja kwa sauti ya huruma ile inayochoma kuliko matusi akasema "mdomo sungura huo, hata kwa baba mdogo kulikuwa na mmoja". Mke wangu analia. Mi nakunja ngumi mfukoni.

Nesi yuleyule, zamu yake ilishaisha lakini alikuwa hajaondoka, akapiga goti kabisa. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Akaangalia ule ukili mkononi mwa mama mkwe akauomba. Akamwambia, bibi, uso wa mtoto haushuki ukiwa mzima kama sahani. Unakuja vipande vitano. Kimoja kinashuka juu kutoka kwenye paji, hicho ndo kinaleta pua na katikati ya mdomo, viwili vinatoka mashavuni huku na huku, viwili chini vinaleta kidevu. Vinasogeleana vinashikana, kama wewe unavyounga ukili na ukili mpaka unapata mkeka. Na kazi hiyo inafanyika mapema mno, inaanza wiki ya nne tu tangu mimba itunge, ikifika ya saba mdomo wa juu umeshafungwa. Kaakaa ndo linafuata nyuma, hilo linamalizika kama wiki ya 12. Mjukuu wako mshono mmoja haukukutana, mingine yote imekaa sawa.

Mama mkwe akauliza, "Kauacha nani?"

"Hakuna aliyeuacha bibi. Shika hapo chini ya pua yako." Wote tukashika, mpaka mimi. Ule mfereji wa juu ya mdomo, vile vituta viwili vya pembeni, ndo mishono yenyewe. Kila mtu anatembea nayo. Wewe unayesoma shika hapo.

Mama mkwe akanyamaza muda mrefu, akachukua ukili wake, akasema, "Basi ushonwe." Tangu siku hiyo sijasikia tena habari za mwezi wala za mganga, akaja mtu na maneno yake anamjibu yeye mwenyewe.

Mi fundi, nikirudi nyumbani nikapiga hesabu. Mke wangu alipima mkojo katikati ya mwezi wa sita akajua ana mimba. Wiki hiyohiyo, kwa hesabu ya nesi, mdomo ulikuwa ndo unafungwa, au kwetu ndo haufungwi. Mtoto mwenyewe urefu wake ni kama wa punje kubwa ya mahindi hivi. Mikorosho ilikuwa bado haijachanua vizuri. Yani sisi tunafurahi tunaanza kuchagua majina huku kazi ya uso inakaribia kuisha, na mimi naenda kulipia kuuona mwezi wa kumi na moja kama mtu anayekwenda kukagua nyumba iliyoezekwa kitambo. Na kliniki ya wajawazito mama Nasri alianza wiki ya 14, vidonge vya chuma na foliki kaanza kunywa hapo. Nesi akasema vile vya foliki faida yake kubwa iliyothibitika ni kuzuia mgongo wazi, na vinafanya kazi vizuri ukianza kabla hata ya kushika mimba, kwa mdomo wataalamu bado hawajakubaliana. Kwahiyo hakuna wa kumnyooshea kidole.

Kitu kingine ambacho sikutegemea kwenye hospitali ya foleni kama ile ni ule uchunguzi. Nesi na daktari wa watoto walimkagua mtoto kama mi ninavyokagua simu iliyoingia maji, hawakuishia pale palipoharibika. Tochi mdomoni, kidole kidogo chenye glavu kikapapasa kaakaa lote mbele mpaka nyuma, maana kuna kaakaa linaonekana zima kwa juu kumbe chini ya ngozi misuli haijashikana. Letu zima, ufizi tu ndo una pengo kidogo. Wakasikiliza moyo, wakaangalia masikio yamekaa wapi, wakahesabu vidole. Halafu macho. Nikauliza, macho yanahusiana nini na mdomo? Daktari akanambia vinajengwa majuma yaleyale, kwa hiyo ukikuta fundi kateleza sehemu moja angalia na jirani zake.

Akanieleza jicho nikabaki mdomo wazi mimi sasa. Linaanza siku ya 22 hivi tangu mimba itunge, vijishimo viwili kwenye ubongo wenyewe, vinachomoza kwenda pembeni, macho yanakuwa ubavuni mwa kichwa kama ya samaki, kisha uso unavyokua ndo yanasogea mbele. Kile kichomozi kinajikunja kinakuwa kama kikombe, na kikombe kina ufa chini. Ule ufa unatakiwa uzibe wiki ya sita kwenda ya saba. Usipoziba, mtoto anazaliwa na mboni yenye pengo kwa chini, kama tundu la ufunguo, wao wanaita koloboma. Ikiwa pengo liko mbele tu mtu anaweza kuona vizuri maisha yake yote, likifika nyuma kwenye pazia la jicho ndo shida. Wengine jicho linakuwa dogo sana, wengine halitokei kabisa. Na kope nazo, zikishatokea zinafungana kama pazia na hazifunguki mpaka karibu mwezi wa sita wa mimba. Wa kwetu macho yote safi.

Lakini pale kwenye benchi tulikaa na dada mmoja katoka upande wa Lindi na mtoto wa miezi minane, mboni zote mbili nyeupe kama maziwa. Mtoto wa jicho, wa kuzaliwa nao. Alipozaliwa kuna watu walimwambia asubiri mtoto akue kidogo ndo atibiwe, akasubiri. Mtaalamu wa macho hakumgombeza ila uso ulimbadilika, akatueleza sote pale kwamba ubongo unajifunza kuona miezi ya mwanzoni, jicho likiwa limezibwa muda huo ubongo unaliacha, hata ukija kulisafisha baadae halioni inavyotakiwa. Ule mzito wa macho yote mawili unatakiwa utolewe ndani ya miezi miwili ya mwanzo hivi. Akamuuliza dada kama alipata homa na vipele mimba ikiwa changa, dada akasema ndio, ilikuja ikaisha yenyewe siku tatu. Rubela. Ni daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliyeligundua hilo mwaka 1941, alikuwa anapokea watoto wengi wenye mtoto wa jicho, akagundua mama zao walipata rubela mwanzoni mwa mimba. Chanjo yake hapa Tanzania imo ndani ya ile ya surua tangu 2014, kwa hiyo wale mnaokimbia na watoto siku ya chanjo mjue mnakimbia nini.

Hapa niweke na la kwangu la ufundi. Mboni nyeupe kwa mtoto siyo lazima iwe mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho, ndo maana haisubiriwi. Ukimpiga mtoto picha na flashi kwenye giza kidogo macho yanarudi mekundu, ni ile damu ya nyuma ya jicho. Jicho moja likirudi jekundu na la pili jeupe au la njano, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Ila simu nyingi siku hizi zinafuta wekundu zenyewe bila kukuambia, ingia kwenye mipangilio ya kamera zima hiyo kitu kwanza ndo upige. Huduma hii kwenye kibanda changu ni bure, njoo nikuzimie.

Kunyonya ilikuwa vita ya wiki mbili. Tuliambiwa mtoto mwenye mdomo tu bila kaakaa anaweza kunyonya, mama akiweka titi likaziba ule mwanya, au kuziba na kidole gumba. Mwenye kaakaa wazi ndo hawezi kuvuta, maziwa yanatokea puani, huyo anahitaji kikombe kidogo, kijiko, au chupa laini ya kuminya. Wetu alikuwa anavuta na hewa nyingi, tumbo linajaa, analala hajashiba. Nesi akamfundisha mama Nasri kumkalisha wima, siyo kumlaza, na kumcheulisha mara tatu mpaka nne kwa mlo mmoja, yanayobaki kukamua na kumnywesha kwa kikombe cha kahawa, vile vidogo vya wauza kahawa. Kikombe cha shilingi mia tano kilifanya kazi kuliko kitu chochote tulichonunua. Mama mkwe ndo alikuwa bingwa wa kikombe.

Usiku mi nilikuwa silali nasoma. Mke wangu aliniuliza mara mia ni dawa gani alikunywa. Hakunywa kitu. Nilichosoma ni kwamba mara nyingi ni mchanganyiko wa mbegu za kurithi na mazingira na huwezi kushika kimoja ukasema ndo hiki, ila sigara na pombe vinaongeza uwezekano, baadhi ya dawa za kifafa, na zile dawa kali za chunusi zinazotokana na vitamini A, hizo mjamzito asiziguse. Dunia nzima wanahesabu mtoto mmoja kwa kila 700 hivi anazaliwa na mdomo au kaakaa wazi. Kwahiyo jirani na sungura wake, mdomo wa mwanangu siyo ajabu ya Mtwara.

Nikakuta na habari ya kondoo wa Idaho kule Marekani, miaka ya 1950, wanazaa wana-kondoo wenye jicho moja katikati ya paji. Wafugaji wakahangaika miaka, kumbe ni majani fulani ya mlimani, kondoo akiyala siku ya 14 hivi ya mimba ndo inatokea. Ile sumu wakaipa jina saiklopamini. Baadae sana wakajua inazuia kazi ya jeni moja, yani mbegu ya kurithi, inayoamrisha uso na ubongo vigawanyike kulia na kushoto, na hiyo jeni, msicheke, inaitwa Sonic hedgehog, ndo yuleyule Sonic wa gemu za Sega nilizokuwa nafungua na kufunga miaka yangu ya kwanza ya ufundi. Kwa binadamu hutokea pia, mara chache sana, na mtoto huyo haishi. Nilikumbuka vinyago vya shetani vya Wamakonde, vile vya jicho moja na mdomo umepinda, mjomba wangu alikuwa anachonga, utotoni nilikuwa nageuza uso nikipita. Usiku ule niliwaza huenda kuna mzee zamani aliwahi kuona, mzazi mmoja alitoka nje ya nyumba ya kujifungulia akasimulia. Ni mawazo yangu tu ya saa tisa usiku, msiyanukuu.

Upasuaji nitaupitisha haraka maana ulikwenda vizuri. Wana kanuni ya kumi tatu, wiki 10, uzito ratili 10 yani kilo nne na nusu, na damu 10. Wetu wiki ya 10 alikuwa na kilo nne na robo tukarudishwa tuongeze kikombe. Mwezi wa tano tukapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda Dar, kilomita kama 560, masika hayo, pale Somanga roho mkononi maana sote tunakumbuka mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara. Upasuaji bure kabisa. Kuna shirika la Smile Train, la tangu 1999, lenyewe haliji na ndege na madaktari wake, linawalipia madaktari wa hapahapa kwenye hospitali wanazoshirikiana nazo. Nauli na kula juu yetu. Alitolewa chumba cha upasuaji mdomo umefungwa, na mikono yote miwili imevalishwa kitu kama mrija mgumu asikunje kiwiko akafikisha vidole kwenye nyuzi. Mke wangu akaniangalia akasema, "Huyu angevalishwa hivi mwezi wa kumi na moja." Ndo mara ya kwanza tulicheka tangu azaliwe.

Haya, turudi kliniki. Mwezi wa sita nilikwenda nikiwa nimembeba mwanangu. Siyo kwa shari. Yule kijana alinikumbuka, akamuangalia mtoto, akasema pole kaka, mashine haioni kila kitu. Ni kweli. Kwa ufundi wangu nimeshaielewa ile mashine, inapiga sauti, inakusanya vipande vingi vyembamba, kompyuta inavipanga inapata umbo kisha inapaka ngozi. Ile rangi ya asali siyo rangi ya mtoto, ni mpangilio tu, ungetaka ungepaka kijani. Na pale sauti isiporudi vizuri inalainisha kama biuti ya kamera ya simu. Mkono ukikaa mbele, au kitovu kikipita mdomoni, hapo nyuma hujaona, umechorewa. Na mdomo wazi wala hauhitaji 4D, unaonekana kwenye ile ya elfu ishirini kuanzia wiki ya 20 hivi mtu akiutafuta, kaakaa peke yake ndo gumu.

Nikamwambia simlaumu kutokuona. Namlaumu karatasi. Ungeandika mstari mmoja, "mdomo haukuonekana kwasababu ya mkono, rudini", ningerudi, hata elfu ishirini nyingine ningetoa, na mke wangu asingekutana na kitu kile saa nane usiku peke yake kitandani. Isingemfunga mdomo mtoto, hilo hakuna anayeweza tumboni, lakini kikombe tungekuwa nacho nyumbani. Bango linasema mwone mwanao, ripoti haisemi ulichokosa kuona. Kijana akasema ni kweli kaka, atamwambia bosi. Nimepita juzi, bango lipo, mtoto wa kizungu bado anacheka.

Kwahiyo ukiwa na mjamzito nyumbani chukua ile ya elfu ishirini, wiki ya 18 mpaka 22, na kabla hajafuta jeli muulize waziwazi, uso umeuona? Mdomo? Macho mawili? Moyo vyumba vinne? Mgongo? Aandike. Akikwambia kitu hakikuonekana aandike hakikuonekana. Ukibaki na hela ya ziada na unataka picha ya status hiyo ya elfu sitini chukua tu, sikukatazi, wiki ya 26 mpaka 32 ndo zinatoka vizuri.

Hospitali ya serikali, foleni nyota mbili, choo sitaki kuongea, yule nesi hana nyota za kumtosha. Kliniki nawapa mbili kati ya tano, moja ya AC, moja ya ule mlio wa kandambili.